Jina Waliloliita Kwenye Kipaza Sauti

Baba yangu,

Salamu hazifiki ulipo, kwa hiyo nazipita. Nakuandikia mchana, ofisini Rohero, katikati ya mji, wenzangu wakiwa wametoka kwenda kula. Nyumbani siwezi, maana mume wangu ataniuliza kwa nini nimekunja uso. Ulifariki mwaka jana na watu wanadhani nimeshapoa. Sijapoa. Na juzi nimeambiwa neno lililonirudisha mwanzo kabisa, nami sina mwingine wa kumpelekea isipokuwa wewe.

Orkesta Mapendano najua hujaisahau. Mama alipenda kaswida na habari za redioni. Mimi na wewe tulikuwa na kichaa cha wale vijana wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, magitaa yao matatu na sauti zao za kulalamika. Ulikuwa na kanda yao moja, na kila ilipokatika uliiunga kwa rangi ya kucha ya mama, naye akanuna siku nzima. Ulinifundisha kusubiri mahali wimbo unapoacha kulia na kuanza kuchezesha, magitaa yanapobaki peke yake na mtangazaji wao anaanza kutaja majina. Ulisema muziki wenyewe ni hapo, yale mengine ni maneno tu. Tulikuwa tukicheza kwenye kile chumba cha mbele, wewe na kaptula yako ya kazi, mimi na kandambili za mama, mpaka jirani anagonga ukuta.

Wewe ndiye uliyenieleza desturi yao. Mwanamuziki hasahau aliyemsaidia, na shukrani yake ni kumtaja mbele za watu. Na kwetu mtu mzima hatajwi kwa jina lake tupu, anatajwa kwa mtoto wake. Kwa hiyo siku ukitajwa wewe, nitakuwa nimetajwa mimi. Mtaa wetu wote wa Nyakabiga ulikuita Baba Hadija, hata wale wauza mkaa ambao hawakujua jina lako ni Saidi. Nilikuwa najivuna, Baba. Nilitembea na jina langu likiwa mbele yako kama taa ya baiskeli.

Kisha ukaja ule mwaka wa embargo, nchi ikiwa vitani na imewekewa vikwazo, wenyewe Mapendano wakavuka mpaka kuja kupiga kwenye tamasha la kiangazi, na amplifaya yao ikafa. Wakaileta kwako kwa sababu mji mzima ulijua fundi ni wewe. Vipuri havikupatikana kwa dawa. Ukafungua redio ya mama, ile aliyokuwa akiisikiliza kila asubuhi ajue barabara gani imefungwa na wapi kumepigwa, ukachomoa ulichochomoa.  Mama alisema ukimaliza na hao wanamuziki wako umrudishie sauti yake. Hukumrudishia, lakini hilo ni dogo.

Jioni ile ulinishika bega ukaniambia watakutaja. Ulikuwa umeshamwambia mpiga gitaa wao, ukasema, na binti yako atasikia jina lake likitoka kwenye vipaza sauti mbele ya mji mzima. Sikulala vizuri siku tatu. Niliwaambia wasichana wote wa darasani. Niliomba gauni la Idd, mama akakataa kwa sababu ya vumbi, kisha akakubali.

Tamasha lilifanywa mchana kwa sababu ya couvre-feu. Ilibidi kila mtu awe ndani kabla ya amri ya kutotoka nje kuanza, kwa hiyo watu wa Bujumbura wakajifunza kucheza chini ya jua kali. Vijana wa leo hawaamini nikiwaambia. Saa saba mchana, Septemba, mvua haijaonyesha hata dalili, uwanja hauna kivuli cha kumtosha kuku. Watu walijifunika magazeti kichwani na wakacheza hivyo hivyo. Wanajeshi walisimama kwenye geti na bunduki zao, na mmoja wao alikuwa akitikisa kichwa kufuata ngoma. Uliniweka karibu na jukwaa, pembeni ya amplifaya yako, ukaninunulia fanta iliyokuwa ya moto kama chai. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sijawahi kuwa na furaha vile tena, na nasema hivi nikiwa nimeolewa na nimezaa.

Walipopanda Mapendano nililia. Na wewe ulilia, usikatae, nilikuona ukifuta uso kwa kitambaa cha kufutia waya. Wimbo wa tatu ukafika pale pake. Magitaa yakabaki. Mtangazaji wao, yule mrefu mwenye kofia, akashika kipaza sauti na kuanza kutaja watu, na wewe ukanikamata mkono ukaniminya. Akageuka upande wetu. Akakunyooshea kidole.

“Fundi Saidi, Papa Bilali wa Carama! Bila weye leo tungeimba na midomo tupu. Na weye Mama Bilali, aksanti kwa ugali na ndagala ya wiki muzima.”

Nilidhani amekosea. Mtu anaweza kukosea. Lakini wewe, Baba, ulikuwa umeshanyoosha mkono juu na kucheka. Ulipokea lile jina kama mtu anavyopokea lake. Kisha ukanikumbuka. Mkono ukashuka polepole.

Baadaye nilielewa ilivyokuwa. Wale watu walikuwa wamefikia Carama wiki nzima, na jirani aliyekuwa akiwapikia alikuwa mkeo wa pili. Walitaka kukushukuru, masikini, wakakushukuru kwa jina walilolisikia huko. Ulimwambia mpiga gitaa habari za Baba Hadija, lakini mwenye kutaja majina alikuwa mwingine. Yule mrefu hakuwa na kosa. Alikuwa mkweli kuliko wewe.

Hatukungoja wimbo wa nne. Tulipokaribia nyumbani ukachuchumaa mbele yangu barabarani, na vumbi lile, ukaniambia, “Mutoto wangu, usimuambiye mama yako. Ile itamuuwa.” Hukusema umenikosea. Ulinipa mzigo ukasimama ukapangusa magoti.

Mama alikuwa mlangoni. Aliniuliza kama walinitaja. Nikamwambia walinitaja. Akapiga kigelegele, Baba, peke yake pale mlangoni, kisha akaenda kuwaambia majirani.

Sikiliza, nikuambie kilichoniuma, kwa sababu watu wanafikiri ni mke wa pili. Dini yetu nilisoma, najua ulichoruhusiwa. Ungemwambia angelia, angenuna, angerudi kwa ndugu zake mwezi mmoja, kisha angerudi kwako. Kilichoniuma ni zile siku usizorudi. Unazikumbuka zilivyokuwa kwetu? Saa ya couvre-feu ikipita hujaingia, mama alikuwa akikunja mkeka wa chakula bila kula. Alitukalisha mimi na wadogo zangu tukuombee, akitaja kila barabara kwa jina lake ili Mungu asikosee njia. Alikuwa anakuzika. Mara mbili kwa juma, mara tatu, alikuzika na kukufufua. Asubuhi unaingia umechoka kidogo, unasema, “Couvre-feu ilinikuta,” na yeye anakuwekea maji ya kuoga, chai ya tangawizi, mayai ambayo sisi hatukupewa. Watu walikuwa wanakufa kweli kwenye zile barabara. Baba yake Espérance wa nyumba ya pili alitoka kununua sabuni hakurudi. Wewe ulichukua kifo cha watu wengine ukakifanya kisingizio cha kwenda kulala Carama.

Na nani angekushuku? Carama iko kule juu, ubavuni mwa Kinama, upande wa pili wa vita, na miaka ile mtu wa Nyakabiga hakuthubutu kupita huko. Lakini sisi Waswahili, Waislamu wa mjini, tuliambiwa hatuna upande, tukapita pote. Wewe ulizitumia zile njia zote vizuri.

Baada ya tamasha niliendelea kuitikia dua za mama. Yeye anaomba ufike salama, mimi naitikia, huku najua umeshafika, umeshakula, umevua viatu. Nikiangalia wadogo zangu walivyofumba macho nilitaka kuwazaba makofi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilikuwa na mtu wa kukusaidia kuirefusha, naye alikuwa mimi.

Nilipofika miaka kumi na mitano ikaja ile siku ya kuamkia mfungo. Unajua ninayoisema. Risasi zililia upande wa kaskazini tangu alasiri, hukurudi, na daku tulikula bila wewe. Ulikuja karibu na adhuhuri. Kiatu kimoja. Suruali imechanika mpaka pajani, matope yamekukaukia mpaka masikioni. Mama alikushika uso kwa mikono miwili, akakubembeleza unywe maji, akasema Mungu anamsamehe aliye taabuni. Ukakataa, ukasema umefunga. Mama akanituma ndoo. Niliileta bafuni, na nilipokuwa naiweka chini nikakuuliza polepole, mama asisikie, habari za Carama.

Uliniangalia. Midomo yako ilikuwa imepasuka.

“Leo ni kweli, Hadija. Mi nilikutwa kweli. Kaa nikuelezeye.”

Sikukaa. Nilicheka kidogo, ule ucheko wa puani unaoujua, nikatoka. Nilijiona nimekua. Hukunieleza tena, si siku ile wala baadaye, na tangu hapo kanda ya Mapendano haikupigwa nyumbani kwetu. Nilidhani umeona haya hatimaye.

Mama alifariki vita vimekwisha, kwa ugonjwa wake wa kifua. Siku mbili za mwisho alikuwa akinihimiza nisikuache peke yako kwa kuwa umeteseka sana njiani kwa ajili yetu. Nilimwambia ndiyo. Wewe ulikuwa umekaa hapo pembeni, ukitazama sakafu. Nilingoja useme. Nilikupa nafasi ya mwisho kwa macho yangu, na ukaenda kuchemsha maji.

Mwaka jana, kabla jeneza lako halijatoka uani, shehe aliuliza kama kuna mtu ana kinyongo na marehemu amsamehe. Watu wakajibu tumesamehe. Wadogo zangu wakajibu. Kutoka nyuma kabisa, sauti ya mwanamume nisiyemjua ikajibu, nikageuka, nikaona masikio yako juu ya kichwa kingine. Huyo ndiye Bilali. Mimi sikujibu kitu.

Juzi alinifuata hapa ofisini. Ni mtu mpole, fundi wa simu, mikono yako hasa. Alikuja kuniomba picha yako ya ujana, kwao hawana hata moja. Tukakaa pale nje kwenye benchi, na kwa kuwa mimi nina mdomo wangu, nikamwambia kwa uchungu jinsi ulivyokuwa ukitudanganya kwa couvre-feu. Akaniambia mama yake alijua habari zetu tangu mwanzo, kwa hiyo wao hawakuwa wakiomba dua. Usipokuwa kwao walijua uko kwetu. Nikamhesabia siku. Nikafika kwenye ile ya kuamkia mfungo, nikamsimulia kiatu kimoja na matope, nikasema hata tamthilia ulikuwa unajua kuigiza.

Bilali alinikatiza. Ile siku anaijua vizuri, akasema, kwa sababu bati la jirani yao lilitobolewa na walikimbilia bondeni na mama yake akiwa na mimba. Walikuita hukuwepo.

“Papa hakukuwa kwetu ile siku,” akaniambia. “Sisi tulijua iko kwenu. Mama alimukasirikia mpaka leo.”

Kwa hiyo hukuwa kwao, na hukuwa kwetu.

Tangu juzi ninakuuliza peke yangu, nikipika, nikipanga mafaili. Ulikuwa wapi, Baba? Ulilala kwenye mtaro? Nani alikuvua kile kiatu, na alitaka nini? Uliona nini ambacho ulitaka kunieleza mimi, mtoto wa miaka kumi na mitano, mwenye ndoo mkononi, badala ya mama? Kulikuwa na watu wawili tu duniani wa kukuuliza. Mmoja alikuamini kila siku, hivyo hakuona la kuuliza. Mwingine alikuwa mimi.

Nimejaribu kujilaumu, na kila nikianza nakukuta wewe umeshatangulia. Lile neno la kukutwa na couvre-feu ulilitumia kwa uongo miaka yote, siku ulipolihitaji likawa halina kazi. Uliidhulumu huruma ya mama kwa kuila bure, na ya kwangu uliidhulumu kwa kunifanya nikunyime siku uliyoistahili. Nilipaswa kukaa chini pale bafuni, nikuoshe miguu, nikusikilize. Hilo lilikuwa langu na uliniibia.

Pumzika, kama huko wanakuacha upumzike. Shehe alipouliza nilinyamaza, na bado sina jibu la yote. Ninalo la siku moja. Ile siku ya kuamkia mfungo, ulikutwa kweli. Nakuamini, Baba. Zile nyingine, bado.

Ni mimi, binti yako wa Nyakabiga.