Ufunguo wa Stesheni Isiyo na Reli

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
21 Mei 1977

Mpendwa Baba mdogo Augustino,

Shikamoo. Vipi goti, limepunguza ukorofi? Na Mama mdogo Angelina, kifua kimetulia baada ya masika? Sisi wazima. Mke wangu Scholastika anakohoa kidogo, ila sauti ya kunigombeza haijapata madhara.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kijiji kinaitaka ile stesheni iwe ghala la korosho, nawe umekatalia ufunguo mpaka mwenye reli aje atie sahihi. Mwisho wa mwezi watavunja kufuli, na wewe uliyeilinda miaka kumi na tano uonekane mlinzi aliyeibiwa. Basi nikatoka kumtafuta mwenye reli.

Hapa mikokoteni ikipita mchana nafumba macho, nayaona mabehewa yanakatiza kando ya jengo jipya la soko, polepole, matupu, yanakuja kwenu. Nikifumbua, ni viazi.

Kwenye ofisi ya reli nilimkuta karani katikati ya majalada. Nikamweleza: Waingereza waliijenga reli ile ibebe karanga, karanga zikakataa kuota, na muda mfupi baada ya Uhuru Shirika la Reli la Afrika Mashariki likaing'oa. Stesheni iliyobaki ni ya nani?

"Ndugu," akasema, "shirika lenyewe limevunjika mwaka huu. Hata mimi sijui ni mali ya nani."

Akanielekeza kwa mstaafu mmoja Upanga, Bwana Hasmukh. Si ndiye stesheni masta wako, aliyekuachia ufunguo?

Ndiye. Nilipotaja jina lako akaweka kikombe chini. "Augustino? Bado yupo pale? Nilimwambia ashike kidogo tu, nitaufuata!"

"Anaendelea kushika kidogo," nikamjibu.

Mkewe, Bi Indumati, akamgeukia. "Wewe! Mtoto wa watu umemfunga miaka yote hiyo?"

Mzee akasema aliondoka na behewa la mwisho, reli zikipakiwa humo humo. Nyuma hapakubaki njia ya kurudia. Mpaka leo akisinzia alasiri, njia inamjia, imeota majani, nawe umesimama na bendera ya kijani.

Akaomba karatasi. Nimeifunga humu: "Nimepokea kutoka kwa Augustino stesheni moja, ikiwa safi." Sahihi, na cheo chake cha zamani.

Si yeye mwenye reli, Baba mdogo, na analijua hilo. Lakini ni yeye aliyekukabidhi, na sasa amekupokea. Mwonyeshe mwenyekiti karatasi, umpe ufunguo kwa mkono wako mwenyewe.

Jirani yangu Seifu anapanda meli ya Mtwara Jumanne, ataileta barua hii. Nisalimie Severine, Bakili na shangazi Sofia. Mungu awape usingizi mzito na mavuno mema.

Na ukishautoa ufunguo, kesho yake usidamke. Hakuna treni inayokuja.

Ni mimi mwanao, nikupendaye,
Pantaleo