Ndiyo ya mbele ya chakula

Amani, mujukuu wangu,

Sisi wa Kalemie tunakusalimia. Mama yako amepona malaria. Mimi magoti yananisumbua, lakini kanisani ninafika.

Unaniuliza kama watu wa Zongwe watakubali ziwa lifungwe kusudi samaki wazaane. Unaandika shauri kwa wakubwa wako wa biro unakofanya kazi, na kwenye mukutano wako kule Zongwe watu wote waliitikia ndiyo.

Nilikuwa kijana pale Zongwe wakati mukubwa mumoja wa Serikali alikuja na neno lile lile. Alisema vizuri. Kila alipopumuzika, tuliitikia: "Ndiyo, Papa." Kwetu ndiyo ile njo kusema tumesikia tu, si kusema tumekubali. Mugeni habishiwi akiwa na njaa tumboni; anakula kwanza, kisha wazee wanamwambia yanayowauma. Baba yangu alijua samaki wanapunguka kweli. Alitaka kuomba wafunge ghuba moja moja, watu wapate pa kuvua.

Mama alikuwa angali anasonga fufu ya mugeni wakati yule Papa alisimama, akaaga. Baba akamukimbilia mpaka kwenye maji.

"Papa, ungoje! Bado hatujasema!"

Mukubwa yule akacheka ndani ya mutumbwi. "Mumesema ndiyo. Inatosha."

Ziwa likafungwa lote, nyavu zikachomwa moto. Njaa ile sitakuelezea. Ile njaa njo ilimuua ndugu yangu mudogo, yule mwenye jina unaloitwa leo.

Na wewe wamekuitikia ndiyo, Amani. Ulibakia kula?

Koko wako