Walinisifu kwa Waya Ule

Mpendwa mshauri Bi Gaudiosa, shikamoo. Nakuandikia unisaidie, maana mimi ni fundi umeme msaidizi katika kiwanda cha mkonge huku Kilosa, nakaa mtaa wa Magomeni hapa hapa, na mwezi wa nne mashine ya kukamua majani ilikuwa inazimika ovyo kila saa, nami nikagundua inazimwa na swichi ndogo iliyo chini ya kifuniko, basi nikaunganisha nyaya zake mbili kwa kipande cha waya, swichi isifanye kazi tena, mashine ikakimbia siku nzima, meneja akanisifu mbele ya mkutano wa wafanyakazi kwamba najenga taifa, na jina langu likapelekwa Dar es Salaam nikasomee mitambo inayojiendesha.

Nikaanza kujiandaa kwa masomo ya posta. Somo la nne lina mchoro wa saketi ya kuwashia mota, na nilipoufuata kwa kidole nikaiona swichi ile ile, nikaelewa kwamba kifuniko kikiwa wazi umeme haupiti, hata mtu akibonyeza kitufe mashine haiwaki, ndiyo kinga ya mkono ulio ndani, na mimi ndiye niliyeiondoa. Wiki mbili sasa nimenyamaza. Anayetia mkono humo ni Mzee Mwinshehe, aliyeniombea kazi hapa. Nyuzi zikikwama anazima, anafungua kifuniko, anazivuta. Ijumaa alikuwa amekwenda kuchukua kisu, mwenzake wa upande wa pili akabonyeza kitufe bila kujua, mashine ikawaka kifuniko kikiwa wazi. Wao wakacheka. Mimi jioni nilimweleza mke wangu yote. Mke wangu Selestina anasema ninyamaze mpaka nisafiri, kwani nikisema nitaitwa mhujumu, na nikiutoa waya kimya kimya mashine itazimika tena wataniuliza. Nifanyeje?

Kasiani, Kilosa

Kasiani, barua yako niliisoma Jumatatu, na gazeti hutoka Jumapili. Sikuweza kungoja, nikakupelekea telegramu: "Ondoa waya leo. Mwambie Mwinshehe." Leo nimepata barua yako ya pili. Unasema ulikwenda kwa meneja siku hiyo hiyo, mashine ikasimamishwa, safari yako nayo imesimamishwa, na Mwinshehe alikuuliza jambo moja tu: "Ijumaa ulikuwa unajua?" Ukasema ndiyo. Tangu hapo haitikii shikamoo yako.

Nakuonea huruma, lakini sitakubembeleza. Kufunga waya ule kulikuwa ujinga, na mjinga hufundishwa. Zile wiki mbili ulizokaa kimya ulikuwa umekwisha fundishwa. Selestina usimtupie lawama, mdomo ulikuwa wako.

Sasa sikiliza. Nimemwuliza fundi mmoja hapa mjini, anasema swichi ya namna hiyo ikizima ovyo, mara nyingi ni kifuniko kimelegea kwa mtikisiko. Kazeni bawaba zake, swichi iacheni ifanye kazi yake. Omba ruhusa uwaonyeshe wafanyakazi wote mchoro ule, kwa maneno ya kawaida, kila mmoja ajue kinachomlinda. Na masomo usiyaache, maana kiwanda hicho bado kinahitaji mtu anayejua.

Kisha nenda nyumbani kwa Mwinshehe, peke yako. Usibebe zawadi wala maelezo ya saketi. Mwamkie hata asipoitikia. Mwambie kwamba ulihofia safari yako kuliko mkono wake, unyamaze hapo. Akikufukuza, ondoka bila kubisha, na wiki inayofuata urudi.