Huwa Anamsaidia Mama

Mchombe, 4 Machi 2023

Kaka Remigius,
Shikamoo. Sisi wazima, ila miguu ya mama inavimba na palizi ya mpunga tumeichelewa. Wewe na kazi ya miti huko Uchindile mnaendeleaje? Namba yangu umeifungia mwaka mzima sasa, na mama anakuuliza kila siku. Kama nimekukosea, niambie. Barua nampa jirani yetu Viktor, anapanda treni kesho.
Mdogo wako, Sikitu

Uchindile, 19 Machi 2023

Sikitu,
Marahaba. Mimi mzima. Mpe mama pole.
Yule daktari mgeni aliyetaka kunisomesha chuo cha misitu alikuomba umweleze tabia yangu. Ukamwandikia Kiingereza: "Remigius used to help our mother." Yaani zamani nilimsaidia, siku hizi nimemtupa. Alinionyesha karatasi, akaniuliza mama nimemwachia nani, nafasi akampa mwingine. Wiki ileile nilikuwa nimetoka kumwezekea mama nyumba, wewe mwenyewe ukinipa misumari. Usiniandikie tena.
Kaka yako

Mchombe, 2 Aprili 2023

Kaka,
Shikamoo. Natumaini hujambo. Nililia, kisha nikampelekea mwalimu Nazari sentensi ile. Nilitaka kusema huwa unamsaidia mama. Shuleni "huwa" tuliiandika hivyo miaka minne, hakuna aliyetusahihisha. Mwalimu anasema maneno yale ni ya jambo lililokwisha; ilitakiwa "Remigius helps our mother", basi. Nimemwandikia daktari upya, hajajibu. Nisamehe. Mama hawezi tena kusimama. Njoo.
Mdogo wako

Uchindile, 11 Juni 2023

Mdogo wangu Sikitu,
Pole, nami nijipe pole. Jana ndipo Viktor alipofika, reli ilikuwa imekatwa na mvua, akaniambia mama mmemzika tangu mwezi uliopita. Barua yako ya Aprili ilikuwa chini ya godoro. Sikuifungua, nilijua ni visingizio. Nimeisoma leo. Ningekuuliza tu, "Ulimaanisha nini?" Mwaka mzima sikuuliza. Mama aliniulizia?
Kaka yako, Remi

Mchombe, 18 Juni 2023

Kaka,
Shikamoo. Afya ipo, nyumba ndiyo imekuwa kubwa.
Alikuulizia. Siku ya mwisho alisema, "Remi yuko wapi?" Nikamjibu uko njiani, umeshafika Mlimba. Akafurahi, akaniambia nikubakizie wali. Nikakubakizia. Akalala, hakuamka. Hilo nilimwambia kwa Kiswahili, kila neno mahali pake, na halikuwa kweli.
Mdogo wako