Nilivyoswalisha Msituni

Jumatano, 7 Mei 2025
Nimeandikisha jina kwa ile grupu ya wazee wa kutembea. Kiongozi ni Barnabas, Mkamba, kazi yake kutunza wazee hapa ughaibuni, mtaani kwetu Small Heath. Jumamosi tunaenda Wales, msitu wa redwood. Anasema ni maili tatu, miti mirefu kama maghorofa. Nikamwambia njia ya Mandera nimeona mti mkubwa zaidi — ndovu watatu wamelala kivulini, wa nne akaambiwa pamejaa. Akauliza nani alimwambia. Nikasema mimi, Kindovu nakisikia kidogo.

Nilipomsimulia Ladan binti yangu, hakucheka. Nataka kwenda Garissa peke yangu, kwa dada yangu Khadijo. Miaka kumi na moja hatujaonana, na kila Ijumaa ananiuliza kwa simu nakuja lini. Ladan anasema, Aabo, baba yangu, una miaka sabini na nane, utapotea hata kabla ya kutoka airport. Tumepatana hivi: anakuja na sisi msituni. Akiona niko sawa, anakata tiketi.

Alhamisi, 8 Mei
Nimejaribu viatu. Cha kulia kinabana. Hakuna aliyeuliza, sijasema.

Jumamosi, 10 Mei
Miti ile, sikatai, ni mirefu. Unaangalia juu mpaka kofia inaanguka. Gome lake laini kama godoro — nimelipiga ngumi na mkono haukuuma. Nikawaambia mti umesalimu amri.

Nilitembea mbele. Ahmednoor, yule kinyozi wa Coventry Road, mdogo wangu kwa miaka ishirini, alikuwa nyuma anapumua kama punda. Nikamuuliza kama nimbebe. Akasema, mzee, nibebee tu mdomo wako, ndio mzito.

Adhuhuri ikafika tukiwa katikati. Mawingu, jua hakuna, miti imefunga kila kitu. Ahmednoor akatoa simu atafute kibla. Nikamwambia rudisha mfukoni. Mimi nimeendesha lori Garissa mpaka Mandera miaka ishirini na sita bila ramani, leo niulize simu? Barnabas ana ile dira yake, nikamwambia anionyeshe kaskazini tu. Akanionyesha. Nikasimama, nikaswalisha.

Tumefika parking, Ahmednoor akaangalia simu. Halafu akasema tumeswali kama watu wa Garissa.

Kweli. Kule kibla ni kaskazini. Hapa ni upande mwingine kabisa, na mimi nimeswali hapa miaka kumi na tisa. Barnabas akasema yeye hakushtuka, kwao Mwingi Waislamu wote wanaangalia huko. Wakacheka. Tukarudia swala pale pale kando ya gari, Ahmednoor mbele.

Ladan hakucheka. Njia yote mpaka nyumbani aliangalia dirisha. Miguu yangu ameiona ni mizima. Sasa anaogopa kichwa.

Jumapili, 11 Mei
Ladan hajapiga simu.

Sikusahau. Nataka kuandika hapa vile ilikuwa. Pale chini ya miti nilisikia baridi ya alfajiri, ile ya kusimama kando ya lori kabla hujawasha injini. Nikasimama vile nilikuwa nasimama. Moyo ulishafika Garissa, mwili ndio uko Wales. Lakini nikimwambia hivi atasema, Aabo, hadithi zako. Na nani wa kulaumiwa? Nimedanganya sana juu ya ndovu.

Jumatatu, 12 Mei
Amekuja asubuhi kabla ya kazi. Nikamwambia yote bila utani. Nilikosea, na kwa nini. Akafungua ramani kwa simu, akaigeuza nisione. Akasema, haya, toa lori Garissa.

Nikatoa. Nikafika Modogashe, pale maji ya mvua yanakata barabara. Nikamwambia tulikuwa tunangojea upande gani, na mama gani alikuwa anauza maziwa ya ngamia. Mwanzo alikuwa anafuata kwa kidole. Tulipofika Habaswein nikaona simu iko mezani, imezimika yenyewe, na yeye ananiangalia mimi.

Sasa yuko jikoni anachemsha chai. Kazi ameshachelewa. Amesema lori lisiondoke Habaswein mpaka arudi, na niseme Khadijo anapenda kuletewa nini.