Gunia Ulilolichagua Mwisho

Mama yangu,

Ninakuandikia nikiwa jikoni, kwenye kiti chako kifupi. Watu wananiuliza kama ninaumwa. Siumwi. Niko tu, kama mtu aliyekaa mtoni muda mrefu mpaka hasikii tena baridi.

Arobaini yako imepita. Baba alifika na mchele kutoka Salamabila anakofanya kazi. Shangazi Zena alikuja kwa pikipiki kutoka Wamaza, na tangu alipoteremka alisema nyumba ifungwe: mdogo wangu Saidi aende kwa bibi kule Lusangi, mimi niache shule ya Kasongo, niende naye. "Mutoto huyu hawezi kushika nyumba, na baba yake iko mbali." Baba aliinamisha kichwa.

Makala ya arobaini, makaa ya kupikia wageni, alinunua Shangazi. Kwao wanapikia kuni, kwa hiyo aliangalia tu mdomo wa gunia, pale wauzaji wanapopanga vipande vikubwa vinavyong'aa. Chini kulikuwa na vumbi na maji. Wageni wameketi kwenye mikeka, moshi unajaa uani, mchele bado mgumu. Shangazi alipuliza mpaka machozi yakamtoka. "Makala gani hii?"

Lile nusu gunia lako lilikuwa bado nyuma ya mlango. Sikuwa nimeligusa. Ulilichagua mwenyewe, ukigonganisha vipande karibu na sikio langu: "Sikia. Kikavu kinaita kama sahani. Chenye maji kinanyamaza." Nilidhani nikilifungua nitalia. Sikulia. Nilijaza jiko letu la mbabula, moto ukashika bila moshi, wali ukaiva. Watu wakakuombea, wakala. Asubuhi nilifagia majivu. Yalikuwa meupe na machache, kama ulivyopenda.

Shangazi akanipa gunia tupu. "Twende sokoni, nikuone unavyochagua."

Niliingiza mkono mpaka chini, si juu. Nikatoa vipande, nikavigonganisha, nikasikiliza. Gunia moja kimya, jingine kimya. Muuzaji akacheka: "We mutoto, unanunua makala ao unachagua muchumba?"

Nikamjibu, "Papa, muchumba hawezi kuivisha wali."

Shangazi alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi pia nilisikia mdomo wangu unacheka, Mama. Ulikuwa mbali kidogo, lakini ulikuwa wangu. Gunia lililofuata likaita.

Leo Shangazi amepanda pikipiki peke yake. "Wabaki kwanza, tutaona mpaka mwisho wa mwaka wa masomo," alimwambia Baba. Kwangu mimi alisema tu, "Gunia usiliweke chini, litavuta maji." Nimeliweka juu ya mbao.

Sikubakiza hata kipande kimoja cha makala yako kwa ukumbusho. Hukupenda makala yakae bure.

Pumzika, Mama. Kesho nitawasha moto kabla ya shule, na Saidi atakunywa uji wa moto. Jumapili nitaanza kumfundisha kusikiliza. Hilo ninakuahidi.

Mwanao,
Mwamini