Kwa Elisante, Aliyenieleza Habari za Pomboo

Elisante, rafiki yangu,

Hii ni wiki ya tisa tangu tukuzike. Nakuandikia nikiwa barazani kwangu hapa Old Moshi, ni mchana, ng'ombe nimeshawakatia majani. Sijalia bado. Kaburini nilishika koleo kama wenzangu, nikatupa udongo, nikaenda kunawa. Watu wakasema Aminieli amejikaza. Sikujikaza. Hapakuwa na kitu cha kukaza.

Habari za huku ni hizi. Mkeo amelifungua tena duka lako la dawa za mifugo pale Himo, na wafugaji wanamwuliza maswali yale yale waliyokuwa wakikuuliza wewe. Mibuni yangu ya upande wa juu nimeing'oa nikapanda nyanya, kama walivyofanya wengi. Mama ana nguvu zake. Mke wangu Anansia bado yuko kwao Kirua.

Na nimemwambia mama. Ndiyo sababu ya barua hii.

Unaikumbuka siku tuliyomhasi ndama wa jirani, wewe ukiwa bado bwana mifugo wa serikali, kabla hawajawapunguza kazini? Mimi nilikuwa nimemshika miguu. Nikakuuliza, macho kwa ndama, kama mnyama ambaye korodani zake hazionekani kwa nje anaweza kuzaa. Hukunitazama. Ulijua siulizi habari za ng'ombe. Nilikuwa na miaka mitatu kwenye ndoa, zangu hazijawahi kushuka tangu nizaliwe, na sikuwa nimemwambia mtu. Anansia hakuwahi kumjua mwanamume mwingine. Aliniona nilivyo, akadhani ndivyo wanaume walivyo.

Ukanieleza habari za pomboo. Ulipokuwa kazini Tanga mliletewa mmoja aliyekufa wavuni, mkampasua. Dume zima, urefu wake kuzidi kitanda, na kwa nje huoni kitu, mpasuo mdogo tu wa ngozi chini ya tumbo. Uume umejikunja mle ndani, hautoki mpaka wakati wake. Korodani mlizikuta ndani kabisa ya tumbo, karibu na figo, ndefu kama ndizi mshare. "Nyangumi naye ni hivyo hivyo," ulisema. "Na wanazaa. Majike yao wananyonyesha kama ng'ombe huyu."

Sikutaka kusikia zaidi. Nilirudi nyumbani kama mtu aliyeshiba. Mwaka mzima, kila nilipomwona Anansia akichemsha mizizi aliyopewa na mama, akinywa na kukunja uso, nilijiambia, subiri tu, pomboo anazaa.

Halafu ukaja mwenyewe, Jumapili baada ya ibada. Ulisema kuna nusu ya habari sikuisikia. Mbegu za kiume zinaharibiwa na joto la tumboni. Pomboo ana njia yake: damu inayotoka kwenye pezi la mgongoni na mkiani, ikiwa imepozwa na maji, inapitishwa kwanza kwenye mishipa iliyozizunguka korodani, na kuzipoza saa zote. "Wewe huna pezi, Aminieli. Twende hospitali."

Nilikufukuza nyumbani kwangu. Miezi mitano tukapishana njiani kama hatujuani. Nilipokuja kwako hukuniuliza kitu. Ulinawa mikono, ukachukua koti, tukaenda.

Daktari alinieleza polepole. Kazi ya kuzishusha ilitakiwa ifanyike nikiwa mtoto mchanga. Sasa mbegu hakuna, na nirudi niangaliwe, korodani zile zisije zikaleta ugonjwa. Tulipotoka getini ulisema neno moja tu. "Mwambie Anansia leo."

Nikasema nitamwambia. Ikapita miaka minne. Ulinikumbusha mpaka ukaacha kunikumbusha, ukawa unaniangalia tu. Mwaka jana mama alisema mbele ya akina mama wa kanisani kwamba mwanawe ameoa jiwe. Anansia alikuwa amesimama pale na sufuria mkononi. Mimi nilikuwa nakula. Nikaendelea kula. Kesho yake akaenda kwao.

Wewe ulianza kuumwa kichwa Jumapili moja ya mwaka huu. Malaria ikapanda kichwani, na Alhamisi ukawa umeondoka.

Tulipotoka kuondoa msiba kwako, nilimkuta mama akikamua. Sikuwa nimepanga. Nilisikia sauti yangu ikisema, kama ninavyosema kuwa mvua inakuja: "Mama, asiyezaa ni mimi." Nikamweleza yote, nikaishia kumweleza na pomboo, kwa maneno yako. Akauliza, "Huyo samaki?" Nikamwambia si samaki, ananyonyesha. Akaendelea kukamua mpaka chuchu zote nne zikaisha. Halafu akasema, "Nilikuogesha mimi. Niliona. Nilidhani zitashuka." Akaingia ndani na maziwa.

Asubuhi akavaa kitenge chake cha kanisani, akachuma jani la sale kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo. Unajua halichumwi ila kuombea msamaha. Tukapanda Kirua. Mama alimpa Anansia lile jani kwa mikono miwili, magoti chini. Bibi wa miaka sabini, Elisante. Anansia alilipokea, akamwinua, wakashikana pale uani wakilia. Mimi nilisimama kando nikiangalia kuku.

Kisha akanigeukia. "Ulijua tangu lini?"

"Mwaka wa nne huu."

"Minne," akasema. Akatuandalia chai. "Mama nimemsamehe. Wewe bado." Tukashuka mimi na mama.

Tangu hapo naenda kila Jumamosi. Nampalilia baba yake migomba, naletewa chai, narudi. Jumamosi iliyopita Anansia alikuja hadi shambani, akaniuliza kama wewe ulijua. Nikasema ndiyo. "Alikuwa akinitazama vibaya kila akija," akasema. "Nilidhani ananidharau kwa kuwa sizai. Sikuwahi hata kumkaribisha chai kwa moyo."

Hapo ndipo nilipokaa chini kwenye majani. Ulikuja kwangu miaka yote hiyo ukinyweshwa chai ya chuki kwa ajili yangu, na hukujitetea.

Nisamehe. Jumamosi hii nitasimama mbele ya baba yake na kaka zake niseme kama nilivyomwambia mama, bila kupunguza, arudi asirudi. Na jina lako nitalitaja, wajue ulinihimiza nikakataa.

Pumzika, rafiki yangu. Siri yangu nimeichukua, ulinibebea vya kutosha.

Wako,
Aminieli